Shokapu za mbele zinavuja, zinagonga, zinapiga chini: kagua hivi kabla hujatoa hela ya pea mpya

Wakuu habari za kazi. Mimi ni fundi pikipiki hapa Tanga mjini na naandika hii sababu kuna jambo linaniuma. Kijana anakuja na shokapu mpya mkononi, pea nzima, ameshanunua, anataka nimfungie tu sababu mbele "panagonga". Naweka pikipiki stendi kubwa, nainua gurudumu la mbele, nashika miguu ya shokapu kwa chini navuta kwangu nasukuma, steringi yote inacheza. Shokapu zake za zamani nzima kabisa, kilichokufa ni gololi za steringi. Hela aliyotoa ni hesabu ya bosi ya siku kadhaa, na duka halirudishi. Sio mmoja, wamekuja wengi hivo hivo, kwahiyo nimekusanya hapa malalamiko ninayoyasikia kila wiki na mpangilio ninaoukagua nao, ya bure kwanza, ya kufungua baadae.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Ndani ya kila mguu kuna springi na kuna oili na kila mmoja ana kazi yake. Springi ndo inabeba uzito. Oili haibebi uzito, inapita kwenye vitundu vidogo na hapo inapunguza kasi ya mguu kuzama na kurudi. Juu ya oili kuna hewa imefungiwa, na yenyewe inabanwa inakuwa kama springi ya pili pale mguu unapokaribia mwisho. Boxer, TVS, Haojue na hizi nyingi za biashara mfumo ni huo huo, bomba linalong'aa linaingia kwenye gamba la alumini la chini. Ukijua nani anafanya nini hutatibu springi kwa oili nzito.

Kabla ya dalili yoyote fanya haya, hayamalizi dakika 5. Pima upepo wa tairi la mbele lingali la baridi, nyingi ndogo hizi zinataka kama psi 25 ila angalia kibandiko cha pikipiki yako. Kaza nati ya ekseli. Futa mabomba yote mawili kwa kitambaa kikavu. Afu simama pembeni, shika breki ya mbele, bonyeza usukani kwa nguvu mara tatu nne na usikilize. Mguu mzima unazama laini na unarudi taratibu, haudundi ukapita juu afu ukashuka tena.

Oili inavuja

Hili ndo namba moja, na hasa kwetu pwani. Ukishafuta bomba, endesha kidogo afu angalia unyevu unaanzia wapi. Kama kuna pete ya oili kwenye bomba juu ya sili (raba ya duara inayozuia oili isitoke pale bomba linapoingia kwenye gamba) basi ni sili au bomba. Kama bomba kavu ila chini karibu na ekseli panalowa, hapo ni washa ya shaba ya bolti ya chini imechoka, sili haina kosa, na watu wengi wanabadilishiwa sili bure kwa sababu hiyo.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni uchafu umenasa kwenye mdomo wa sili. Vumbi la njia za shamba, mchanga wa Sahare, tope la kupanda Amani kipindi cha mvua, linakauka kwenye bomba afu shokapu ikizama linaingia nalo. Hii unaitibu bila kufungua kitu. Inua sili ya vumbi ya juu kwa bisibisi bapa taratibu usikwaruze bomba, safisha, afu chukua picha ya eksirei ya zamani uikate kipande cha upana wa vidole viwili, kona moja ifanye kindoano kidogo, iingize kati ya bomba na sili ya oili iliyo chini yake uzungushe duara zima ukiitoa inakuja na uchafu mweusi. Rudia mara mbili tatu, futa, bonyeza shokapu mara kumi, futa tena. Nikikadiria kwa macho yangu tu, nyingi zinazokuja zimeanza kuvuja juzi juzi zinaponea hapo.

Ya pili ni kutu, na hapa nawaomba mnielewe. Bomba lina ngozi ya kromu, chumvi ya bahari ikikaa juu yake inatoboa vitundu vidogo kama vya sindano. Pikipiki zinazobeba samaki kutoka soko la Deep Sea, zinazolala nje Raskazone, zinazoshuka mpaka kwenye maji, zote naona ugonjwa huu mapema kuliko za Muheza au Korogwe, mbali na bahari. Pitisha ukucha juu ya bomba polepole, ukikwama hapo pana tundu au mkwaruzo, na kila shokapu ikizama pale panakata sili. Ukifunga sili mpya juu ya bomba la hivo utarudi ndani ya wiki chache na utasema sili ni feki. Tundu dogo moja mawili safisha mpaka kutu iishe, jaza gundi ngumu ya kuchanganya, ikikauka vizuri sugua na msasa wa maji namba 1200 afu 2000 mpaka ukucha upite bila kuhisi kitu. Kutu ikiwa imesambaa kwenye sehemu ambayo sili inatembea, bomba hilo libadilishwe. Kutu iliyo juu kabisa, mahali sili haifiki hata shokapu ikizama yote, haivujishi kitu, iue tu isishuke.

Ya tatu ndo sasa sili yenyewe imezeeka, imekuwa ngumu kama plastiki. Badilisha zote mbili kwa pamoja hata kama unavuja mguu mmoja. Ukifunga, funika kichwa cha bomba na mfuko laini wa plastiki uliopakwa oili ili mdomo wa sili usichanwe na ukingo, upande wenye maandishi uangalie juu, na uipige kwa kutumia sili ya zamani katikati na kipande cha bomba la plastiki, usiigonge kwa bisibisi upande mmoja mmoja. Hakikisha ule waya wa duara unaoshikilia sili umekaa kwenye mfereji wake mzunguko mzima, ukiacha nusu nje siku moja sili itaruka na oili yote itamwagika ukiwa njiani.

Halafu kuna kujaza kupita kiasi. Mtu anaona inavuja anaongeza oili "ili isiishe". Oili haibanwi, ikikosa nafasi ya hewa shokapu ikizama yote inasukuma sili nje. Na bomba lililopinda nalo linakula sili ya upande mmoja tu, ukiona sili imeisha upande mmoja ujue sio sili.

SIMAMA HAPA: ukiona oili imefika kwenye diski au pedi za breki ya mbele usiendeshe, hata mpaka kijiweni, sukuma. Breki yenye oili inateleza na utajua siku mtoto amekatiza Ngamiani. Pedi zilizokunywa oili hazifuliwi kwa petroli wala hazichomwi moto, zinatupwa. Diski ndo unaisafisha kwa dawa ya kusafishia breki.

Inapiga chini kwenye matuta

"Dah! fundi mbele imekufa kabisa." Kwanza naulizia mzigo. Abiria wawili na gunia, au tenga la machungwa limewekwa kwenye tangi mbele ya dereva, hapo hata shokapu mpya itapiga. Punguza mzigo au usogeze kwanza.

Kama mzigo ni wa kawaida basi mara nyingi oili imepungua au imechakaa. Nyingi ndogo hizi zinaingia kama mililita 150 hadi 200 kwa kila mguu, kitabu cha pikipiki yako ndo kitakupa yako kamili. Nimeshamwaga mguu ukatoa kijiko cha uji wa kijivu tu. Ikiwa nyeupe kama maziwa maji yameingia, tafuta yamepitia wapi, mara nyingi sili ya vumbi imepasuka au nati ya juu haina mpira wake. Oili ya hivo inashindwa kazi yake, mbele inadunda dunda baada ya tuta moja mara mbili tatu, na mtu anadhani springi imekatika.

Springi kuchoka ipo ila inakuja baadae. Itoe uipime urefu ikiwa huru, linganisha na kipimo cha kitabu au na springi mpya ya pikipiki hiyo hiyo, na zilinganishe zenyewe kwa zenyewe. Kama moja fupi kuliko nyingine badilisha zote mbili.

ANGALIZO la kufungua nati ya juu: springi iko imebanwa chini yake. Pikipiki iwe stendi kubwa, injini imeegemezwa kwenye ubao mgumu (usiegemeze kwenye ekzosi), gurudumu la mbele liko hewani kabisa. Legeza bolti ya kishikizo cha juu (kile kinachobana bomba karibu na usukani) kwanza ndo nati ikubali. Uso wako uwe pembeni usiuweke juu ya nati, na zile nyuzi za mwisho bonyeza chini huku unafungua. Ukiona huna spana inayokaa vizuri au nati imeshaliwa pembe acha, mpelekee mwenye vifaa, nati ikitoka kwa kuruka inavunja meno.

Ngumu, mikono inakufa ganzi kwenye rasta

Ukipita rasta, vile vituta vidogo vya mfululizo barabarani, unahisi kama umeshika jembe linalopiga jiwe. Upepo umezidi ndo sababu rahisi, shusha kwenye kipimo. Halafu oili ya injini. Hii 20W-50 watu wanaimimina kwenye shokapu kwa sababu ipo dukani na ni rahisi, ila ni nzito, haipiti haraka kwenye vile vitundu, shokapu inashindwa kuzama kwenye shimo fupi na pigo lote linakuja kwenye kiganja. Tumia oili ya shokapu, ya namba 10 inatosha wengi, ukikosa kabisa oili ya gia za otomatiki (ATF) inafanya kazi inayokaribiana na hiyo. Oili ya breki USIWEKE hata tone, ile inaharibu raba za sili na inababua rangi.

Kitu ambacho mafundi wengi tunakiruka ni jinsi gurudumu lilivyofungwa. Ukikaza ekseli na kila bolti pikipiki ikiwa imesimama bila kuibonyeza, miguu miwili inabaki imebanana haiko sambamba, na bomba zinasugua ndani. Dawa: legeza bolti za mguu upande wa ekseli na bolti za kishikizo cha chini kidogo tu, shika breki bonyeza mbele mara tano sita miguu ijipange yenyewe, afu kaza kuanzia juu kushuka chini na ekseli iwe ya mwisho. Haigharimu kitu na nimeona mikono ya watu imepona kwa hilo peke yake.

Ikibaki ngumu na inakwama kwama ukiibonyeza taratibu, hapo bomba limepinda. Angalia chini.

Inagonga "ko" ukifunga breki

Hii ndo ya yule kijana. Inua gurudumu la mbele, mwenzio ashike pikipiki nyuma, wewe shika miguu kwa chini vuta sukuma, mkono wa pili uwe kwenye kiungo cha steringi na fremu. Ukihisi mchezo pale ni steringi. Kama imelegea tu, kaza ile nati ya duara kidogo kidogo mpaka mchezo uishe huku usukani ukianguka wenyewe kulia na kushoto bila kukwama. Ukigeuza taratibu ukahisi katikati pana kashimo usukani unapenda kukaa hapo, bakuli zinazokaliwa na gololi zimechimbika, kukaza hakusaidii, badilisha bakuli na gololi zote seti nzima na uweke grisi ya kutosha sababu maji ya mvua yanaingia sana pale.

Kama steringi haichezi, angalia bolti za kalipa ya breki, kisha ekseli, kisha beringi za gurudumu kwa kulitikisa tairi kushoto kulia. Ya mwisho kabisa ni kulika kwa bomba na gamba lenyewe. Shika bomba na gamba la mguu ule ule utikise mbele nyuma, ukihisi linacheza ndani basi pamekwisha, na kwenye hizi ndogo zisizo na bushi za kubadilisha ndo hapo sasa shokapu mpya ina haki yake. Kama mlio wa "ko" unasikika shokapu inaporudi juu, sio inapozama, mara nyingi oili imeisha au bolti ya chini ya bomba dogo la ndani imelegea.

Usukani unatikisika au unavuta upande

Mzigo tena, naomba msinichoke. Mkaa ukifungwa nyuma ya ekseli ya nyuma unainyanyua mbele, tairi la mbele linakosa uzito, na ukifika spidi ya barabara ya Segera usukani unaanza kucheza wenyewe. Watu wanaita ni shokapu. Sogeza mzigo mbele na ushushe chini, ikipona umeshapata jibu. Ikiendelea angalia tairi kama limeliwa upande, spoki zilizolegea, ringi iliyopinda, beringi, na steringi iliyokazwa kupita kiasi maana hiyo nayo inafanya pikipiki iyumbe taratibu kama ulevi hasa mwendo mdogo.

Inavuta upande baada ya kuanguka: mara nyingi miguu imejipinda ndani ya vishikizo, mabomba yenyewe mazima. Legeza bolti za vishikizo na ekseli, bana tairi katikati ya magoti, nyoosha usukani, kaza. Isipokubali, toa bomba ulizungushe juu ya kioo kinene au vyuma viwili vyenye mkato wa V. Kwa nyingi mwisho unaoruhusiwa ni kama milimita 0.2.

HAPA MWITE FUNDI MWENYE VIFAA NA USIENDESHE: bomba limepinda, kishikizo kina ufa, gamba la alumini lina ufa karibu na ekseli, au fremu imejikunja pale shingoni. Kuna watu wananyoosha mabomba kwa kupasha moto na nyundo. Chuma kilichopashwa hivo kinapoteza ugumu wake, na kitakachokatika ni kilichoshika gurudumu la mbele la mtu mwenye watoto. Mimi sinyooshi kwa moto na nakataa hiyo kazi hata mtu akinikasirikia.

Sasa nataka iwe bora kuliko ilivyotoka kiwandani

Sawa, ila magonjwa yote ya juu yawe yameisha. Anza kwa kupima. Funga rababendi kwenye bomba ikae juu ya sili ya vumbi gurudumu likiwa hewani, shusha pikipiki, kaa kama unavyokaa kazini bila kushika breki, shuka taratibu, inua tena uone rababendi imesogea kiasi gani. Inatakiwa kuwa kama robo mpaka theluthi ya safari yote ya shokapu, yani umbali wote inaoweza kuzama. Shokapu yenye safari ya sentimita 12 izame 3 mpaka 4. Ikizama zaidi weka kipande cha bomba gumu juu ya springi, kimekatwa sawasawa, na washa ya chuma juu na chini, anza na milimita 10, miguu yote sawa. Jua tu kwamba hii inainua mbele, haifanyi springi iwe ngumu zaidi. Ukizidisha, springi inafunga pingili zake kabla safari haijaisha na mbele inakuwa kama gogo.

Ikikaa vizuri kwenye kipimo ila bado inapiga chini kwenye mashimo makubwa, hapo cheza na hewa. Toa springi, zamisha mguu wote, pima toka mdomo wa bomba hadi kwenye oili. Ongeza oili ili nafasi ipungue milimita 10 kwa mara moja, endesha, pima tena. Kwa bomba la kipenyo cha ndani cha milimita 27 hiyo ni mililita 5 au 6 tu, kwahiyo nunua bomba la sindano la mililita 20 famasi na kipande cha mpira wa dripu, usikadirie kwa kifuniko cha chupa. Mwanzo wa safari unabaki laini, mwisho ndo unakuwa mgumu, kwa boda ndo unachokitaka.

Springi ngumu zaidi ni kwa anayebeba mzito kila siku, siyo kwa anayebeba Jumamosi tu. Kufunga shokapu za pikipiki kubwa zaidi inawezekana ila ekseli, urefu, shingo, na kalipa vyote vilingane, na zikiwa ndefu usukani unakuwa mzito kugeuka kwenye kona kama zile za Mombo kupanda Lushoto. Kwa hela ndogo kuliko yote, kwa mtu wa pwani, ile mipira ya mikunjo inayofunika bomba ndo maboresho ninayoyashauri mwanzo. Ila uifungue kila mwezi uoshe chumvi kwa maji yasiyo ya chumvi na ukaushe, ikifungia unyevu ndani bomba linaoza kimya kimya.

Ukimaliza kufunga chochote, zunguka mtaani taratibu, bana breki mara kadhaa, rudi, futa bomba uangalie pete ya oili, afu baada ya kilomita 50 pitia tena ekseli, vishikizo vya juu na chini, na bolti za kalipa kwa spana.